Kilo 68 zilizoandikwa 86

Katikati ya msimu mmoja wa korosho nilipigiwa simu na katibu wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, huko juu, upande wa Newala. "Mwalimu, njoo utufanyie semina ya mshikamano. Watu hawaelewani." Nikamuuliza hawaelewani kwenye nini. Akasita kidogo. "Kwenye mzigo. Mzigo umepungua."

Kwa asiye wa kusini, nieleze. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara mwaka 2007, mkulima anapeleka korosho zake chamani, zinapimwa, anapewa karatasi yake, halafu mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu kusubiri mnada. Huko unapimwa tena. Korosho ikikaa inakauka na kupungua uzito, na huo ndio unyaufu. Unyaufu wa kweli upo, lakini neno hilo limegeuka kapu. Wizi unatupwa humo, uzembe humo, kosa la kalamu humo humo.

Nilipofika, harufu ya mabibo ilikuwa imejaa uwanja mzima. Fulana za semina zilishachapishwa, maandishi ya kijani mgongoni: UMOJA NI NGUVU. Sina ugomvi na fulana, ninazo sita kabatini. Ila makuli walikaa upande wao, makarani upande wao, mtunza ghala peke yake mlangoni, na mwenyekiti mbele kwenye kiti chenye mto.

Sikufundisha siku ile. Niliuliza swali moja tu: mara ya mwisho kumpelekea mwenyekiti habari mbaya ilikuwa lini, na alijibu nini? Kimya. Kuli mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Mchana, tukiwa tunanawa mikono, karani wa mizani alinisogelea. Kijana mdogo, msimu wake wa kwanza. "Shikamoo, mwalimu. Kuna mzigo niliandika 86, kumbe ulikuwa 68. Niliona jioni ile ile nilipokuwa najumlisha." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Wiki ya nyuma yake mwenzangu alikosea namba ya mkulima. Mwenyekiti alimsimamisha mbele ya wakulima, akamwuliza kama shule alikwenda kula uji."

Kilo 18 ni sehemu tu ya upungufu wote. Lakini kwa wiki tatu alizokaa nazo kifuani, mtunza ghala alishukiwa, makuli walipekuliwa mifuko, na mlinzi wa usiku aliacha kusalimiana na katibu. Kosa lilikuwa la dakika moja, na kwa kuwa halikusemwa, likawagawa watu tisa.

Viongozi wengi huniita nikaunganishe watu, nami siku hizi naanza kwa kutazama jambo dogo: habari mbaya inachukua muda gani kutoka kwa mtu wa chini hadi kwa mkubwa? Ikichukua saa moja, hapo pana timu hata kama watu wanabishana kutwa. Ikichukua wiki tatu hapana timu, hata kama wanakula sahani moja.

Hili nililijua kwa kuumia kabla ya kulisoma. Zamani niliongoza kikundi kidogo kilichozunguka vijijini kufundisha upuliziaji wa salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Asubuhi moja dereva aliniambia tairi la nyuma halimridhishi. Nilikuwa nimechelewa, nikamjibu, "Wewe kila siku una lako." Hakuniambia kitu tena mwezi mzima. Siku tuliyokwama na gari bovu kwenye tope, giza linaingia, nikamuuliza kama hakuona dalili. "Niliona, mzee." Basi.

Baadaye ndipo nikakutana na kazi ya Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani. Alichunguza makosa ya utoaji dawa kwenye wodi za hospitali, akitarajia timu zinazoelewana zikosee kidogo. Takwimu zikamjia kinyume: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Akaja kugundua kuwa hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema zaidi. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wake kuhusu kile kinachoitwa usalama wa kisaikolojia. Mimi kwa makarani nasema "kukosea bila kuadhirishwa", wananielewa haraka.

Mwenyekiti alipinga, na hoja yake ina uzito: "Mwalimu, ukiwalegezea hawa, mzigo wote utaisha." Kweli, upole bila hesabu ni balaa nyingine. Mhandisi Mfaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa mwaka 1913. Wakiwa wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu anayotoa akiwa peke yake. Baadhi ya upungufu unatokana na kutovuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wengine waliwafunga watu macho, wakawafanya waamini wapo wenzao wanaovuta nyuma yao, kumbe hawavuti. Wakalegea vile vile. Ukijua jasho lako halionekani, unaliweka akiba. Aliyewahi kusukuma lori lililonasa anajua: kuna wanaosukuma, na kuna waliogusa bodi.

Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili. Kila mzigo uwe na jina la aliyeupima na aliyeupokea, pale pale kwenye daftari, ili kazi ya kila mtu ionekane. Na kila jioni kabla ya kufunga ghala, dakika kumi za kutaja makosa ya siku, mwenyekiti akianza na la kwake. Akianza karani itakuwa mahakama.

Huku tuna bahati ya utani. Mtani anaweza kumwambia mkubwa neno ambalo mwingine lingemfukuzisha kazi, na nimeona vikao vikiokolewa hivyo. Ila kiongozi asiutegemee, maana si kila karani ana mtani kwenye bodi. Na mkubwa akimtania mdogo mbele ya wakulima, hilo mimi siliiti utani.

Jioni ile mwenyekiti alisimama kwa shida. Akasema wiki iliyopita aliahidi lori bila kumwuliza katibu, ndiyo maana magunia yalilala nje. Halafu, bila kumtazama yeyote, akasema lile neno la uji hakupaswa kulisema. Karani aliinua mkono. Mkono ulikuwa unatetemeka, daftari liko kwapani. Alipomaliza, mwenyekiti alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema, "Haya, lete hilo daftari tusahihishe."

Msimu uliofuata nilipita tena nikielekea Tandahimba. Dakika kumi zimekuwa tano, na siku za mzigo mkubwa zinarukwa. Mtunza ghala na kiongozi wa makuli bado hawazungumzi; kumbe la kwao lilikuwa la shamba, halikuwa la ghala. Yule karani alikuwa mizanini, anamfundisha mwenzake mpya kuisoma namba kwa sauti, mkulima aisikie, kabla kalamu haijagusa karatasi.