Siku saba si ubahili

Kila bajeti inapojadiliwa hutokea mtu anayeamini kwamba sisi wafamasia wa chumba cha wagonjwa mahututi tunahimiza matumizi makini ya antibiotiki ili kupunguza bili ya dawa. Mhasibu hulisema kwa kutusifu, daktari wa upasuaji kwa kutulaumu, nao wote wawili wamekosea.

Meropenem, antibiotiki kali ya kudungwa, sasa hutengenezwa na viwanda vingi na bei yake imeshuka. Katika gharama za mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, vichupa vyake ni sehemu ndogo kando ya wauguzi wa zamu zote, oksijeni na vipimo. Kuhamia antibiotiki ya bei nafuu huweza hata kuleta hasara: kolistini, kwa mfano, ikimharibu mgonjwa figo, gharama ya kumsafisha damu itameza akiba yote.

Kinachonikera zaidi ni kipimo cha kuotesha damu ili kutambua bakteria waliomo, ambacho hukatwa mapema fedha zikipungua kwa hoja kwamba ni ghali kuliko dawa. Hoja hiyo inalinganisha kipimo kimoja na dozi moja, ilhali majibu ya kipimo hicho ndiyo yanayosaidia kuamua dozi ngapi zitatolewa. Pasipo majibu, ni madaktari wachache wanaothubutu kusimamisha kitu, kwa hiyo meropenem na antibiotiki nyingine, vankomisini, huendelea kudungwa siku baada ya siku, na familia isiyo na bima huendelea kulipa. (Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, hilo nimechoka kulisema.)

Kuhusu muda, utafiti wa BALANCE, uliochapishwa mwaka 2024, uliwagawa wagonjwa 3,608 wenye bakteria katika damu, zaidi ya nusu wakiwa mahututi, kati ya siku 7 na siku 14 za matibabu. Waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 14.5 kwa siku 7 na asilimia 16.1 kwa siku 14, yaani muda mfupi haukuwa duni. Wenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus hawakuhusishwa, hivyo asije mtu kuninukuu kwamba siku saba zinamtosha kila mgonjwa.

Ni shilingi ngapi basi zinazookolewa? Hapo nasita. Kitanda kikiachwa mapema hakirudishi fedha kwenye akaunti, kwa sababu mishahara ni ileile na mgonjwa mwingine anakisubiri. Faida ni ya huyo aliyepata nafasi. Gharama ya usugu, yaani bakteria kuzoea dawa, nayo humwangukia mgonjwa wa baadaye, pengine katika hospitali nyingine, na hakuna leja inayoiandika. Ipo mifano ya kihesabu inayoupangia usugu bei kwa kila dozi, lakini makadirio yake yanayumba kiasi kwamba nisingeyatia sahihi. Kwa hiyo mhasibu nampelekea hesabu ya siku za antibiotiki kwa kila siku 1,000 za vitanda, pamoja na idadi ya vifo, na safu ya shilingi naiacha wazi, jambo ambalo halimfurahishi hata kidogo.