Maua ya porini hayataki samadi

Malindi ukisema unataka kipande cha maua ya porini uani, utaambiwa kwanza umwage samadi, maana udongo wetu ni mchanga mtupu. Ushauri huo wafaa mchicha. Kwa maua ya porini ni kinyume chake. Udongo ukishiba naitrojeni, chakula cha mimea kilichomo kwenye samadi, anayefaidi ni ukoka na wenzake: nyasi hurefuka upesi, huziba jua, na miche ya maua hufa chini kwa kiza. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, jambo hili linapimwa kwenye shamba la nyasi tangu 1856. Vipande visivyotiwa mbolea vina aina zaidi ya 30 za mimea. Vilivyolishwa naitrojeni kwa wingi vimebaki na chache mno.

Basi mchanga wetu si hasara. Kabla ya masika ng'oa ukoka na mizizi yake yote (kazi ni hiyo, mengine mepesi), kwaruza kwa reki, nyunyiza mbegu za talakushe na mchunga, kisha zikanyage bila kuzifukia. Mchunga hutoa vijiua vya manjano, na majani yake machungu yana wenyewe jikoni. Ila hutambaa kwa mizizi, usiuweke karibu na mboga. Nyasi zikichipua, zing'oe changa uzitoe nje. Zikiozea hapo, umetia mbolea tena.