Msamaha si kuyafunika: dhana tunazowarithisha watoto wetu

Kila Jumapili, kipindi cha watoto kikielekea mwisho, huwa kuna wawili wamegombana. Mmoja kakanyaga kiatu kipya cha mwenzake makusudi, mwenzake kamkwaruza shavu. Mtu mzima aliye karibu hufanya kile alichofanyiwa yeye utotoni: anawashika mikono, anaikutanisha kwa nguvu, "Haya, ombaneni samahani. Yamekwisha." Watoto wanasema huku kila mmoja katazama ukuta wake. Nimefundisha Shule ya Jumapili miaka 14 na nimewashikisha watoto mikono hivyo mara nyingi mno. Nimeacha, kwa sababu nimeona watoto hao wakiwa vijana. Wanajua kusema samahani vizuri sana, ila hawajui kusamehe, wala kutubu.

"Sema samahani, yaishe"

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimetupa mengi na watoto huyachanganya. "Samahani" tunaisema tukitaka kupita kwenye daladala, au tukimsimamisha mtu kumwuliza njia. Ni neno la adabu. "Pole" tunampa mgonjwa, aliyefiwa, hata aliyejikwaa mbele yetu bila sisi kumgusa. Angalia mtoto aliyemsukuma mwenzake: hukimbilia "pole" kabla ya neno jingine lolote, kwa sababu pole haina mkosaji ndani yake. "Nisamehe" ni ombi, hapo angalau tumeanza safari. Lakini neno lenye uzito ni "nimekukosea". Ndani yake wapo watu wawili, mimi niliyetenda na wewe uliyetendewa, na hakuna namna ya kulitamka ukamwondoa mmoja wao.

Darasani kwangu mtoto halazimishwi kusema chochote mpaka aweze kutaja alichofanya. "Nimekukosea, nilichukua penseli yako nikaivunja." Kisha namwuliza: na penseli je? Zakayo, yule mtoza ushuru katika Injili ya Luka, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wote aliowanyang'anya, kiwango kile kile ambacho sheria ya Musa ilimtoza mwizi wa kondoo. Mtoto wa miaka 6 anaelewa jambo hili upesi kuliko mzee wa kanisa. Penseli irudi.

Na yule aliyekosewa apewe nafasi. Katika Mathayo 5 Yesu anasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza mkapatane. Waliomsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kurudi nyumbani kupatana, halafu kuianza safari upya! Upatanisho anaouzungumzia haukai kwenye dakika 2 za mwisho wa kipindi.

"Mkristo wa kweli husamehe papo hapo na kusahau"

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi kimyakimya. Mtoto akisema "bado nimekasirika" anaambiwa ana roho mbaya. Akikumbushia jambo la mwaka jana anajibiwa kuwa yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ni nzuri, ila watu huikata katikati, wakaliacha neno "tugange". Yajayo yanahitaji kugangwa, na mganga hawezi kuganga asichokitazama.

Soma habari za Yusufu polepole, pamoja na watoto, ukihesabu miaka. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17, kwa vipande 20 vya fedha. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikaja miaka 7 ya shibe, na miaka 2 ya njaa ilikuwa imepita alipojitambulisha kwa ndugu zake. Hesabu yake ni miaka 22. Katikati hapo alizaa mtoto wa kwanza akamwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba ya baba yake. Alidhani amesahau. Ndugu zake walipotokea kununua nafaka aligeuka pembeni akalia.

Tena hakuwakumbatia siku hiyo. Aliwahoji kwa ukali, akamfunga Simeoni, na safari ya pili akaagiza kikombe chake cha fedha kifichwe kwenye gunia la Benyamini, mdogo wao. Wapo wanaosema alikuwa analipiza kisasi. Mimi naona alitaka kujua kama wale waliomwuza ni watu wale wale. Na jibu alilipata kwa Yuda, aliyetoa wazo la kumwuza zamani: safari hii Yuda akajitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Hapo ndipo Yusufu alipoangua kilio mpaka Wamisri wakasikia. Na alipojitambulisha alilitaja kosa lao waziwazi, kwamba ndiye yule waliyemwuza. Halikufunikwa.

Halafu kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita. Yakobo, baba yao, aliishi Misri miaka 17. Alipokufa, ndugu wale wakaogopa tena, wakatuma ujumbe kumwomba Yusufu awasamehe. Miaka 17 wamekula mezani kwake, na bado hawakuamini kuwa wamesamehewa! Yusufu akalia mara nyingine. Basi tusimshangae mtoto wa miaka 8 ambaye kidonda chake hakijapona toka Ijumaa.

Hasira yenyewe Paulo hakuikataza. Aliwaandikia Waefeso, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Mfundishe mtoto kumwambia Mungu, "Leo siwezi kumsamehe, nisaidie." Hiyo ni sala kamili.

"Saba mara sabini ni 490, basi"

Hapa naweza kupita haraka. Petro alimwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, hata mara saba? Alitaka kiwango, akapewa saba mara sabini, namba ya kumkatisha tamaa ya kuhesabu. Kuna pia Lameki katika Mwanzo 4, aliyejigamba kuwa yeye atalipiwa kisasi mara sabini na saba. Yesu kama vile anaigeuza kinyumenyume hesabu ile ya kisasi.

Nisiloweza kulipita ni mfano unaofuata, wa mtumwa aliyesamehewa deni na bwana wake, kisha akatoka akamkaba mtumwa mwenzake aliyemdai, kwa sababu watoto hawauelewi wakisikia tu "talanta". Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta 1 ni kama dinari 6,000. Yule mtumwa alidaiwa na bwana wake talanta 10,000, naye alimdai mwenzake dinari 100. Ninachofanya ni kuleta maharage. Kila punje ni siku moja ya kazi. Watoto wanahesabu punje 100, zinaenea kwenye kiganja cha mmoja wao. Halafu nawauliza: lile deni lililosamehewa lingekuwa maharage kiasi gani? Ni punje milioni 60. Kwa maharage ya kawaida ya sokoni, hayo ni zaidi ya magunia 200 ya kilo 100. Mwaka jana mvulana mmoja alikitazama kiganja chake muda mrefu, akauliza, "Sasa mwenye magunia yote hayo alimkaba mwenzake kwa hizi?" Sikuongeza neno.

Ndiyo maana sala tuliyofundishwa inasema, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni hutajwa kwanza likajulikana ni kiasi gani, ndipo linafutwa.

"Ukisamehe, hupeleki mashtaka"

Naomba wazazi, wachungaji na wazee wa kanisa wasome sehemu hii kwa makini. Mtoto anapoingiliwa na mjomba, jirani, mwalimu au hata mtumishi wa Mungu, kikao cha ukoo hukaa, mbuzi au fedha hutoka, na Biblia hufunguliwa ili mtoto aambiwe asamehe. "Tuyamalize kifamilia." Funika kombe mwanaharamu apite. Huo ni uovu uliovikwa joho la ibada, nami sina neno laini zaidi la kuuita.

Mathayo 18, sura yenye saba mara sabini, inaanza na Yesu akimsimamisha mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake. Mistari michache baadaye anamzungumzia amkoseshaye mmoja wa wadogo hao, na anataja jiwe la kusagia shingoni na vilindi vya bahari. Kisha anaeleza hatua za kumkabili ndugu aliyekosa: peke yako kwanza, halafu na mashahidi, halafu mbele ya kanisa. Msamaha unakuja baada ya hayo yote. Anayemfungulia Petro mlango wa kusamehe bila kikomo ndiye aliyetoka kumlinda mtoto.

Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku 4 baadaye, akiwa hospitalini, alitangaza kuwa amemsamehe aliyempiga, Mehmet Ali Ağca. Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma, wakaketi wawili wakazungumza. Papa akatoka, Ağca akabaki ndani, na hakuachiwa na Italia mpaka mwaka 2000. Sijasikia mtu akisema msamaha ule ulikuwa pungufu kwa sababu mlango wa gereza haukufunguliwa siku ile.

Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, inapigwa bure. Mpeleke mtoto hospitali kabla hajaogeshwa, ushahidi usipotee. Suala la yeye kusamehe litakuja kwa wakati wake, pengine akiwa mtu mzima, na akilifikia itakuwa ni kazi ya Mungu ndani yake. Si shinikizo la shangazi. Na hata akisamehe, halazimiki kukaa meza moja na mtu yule. Paulo alijua amani haitegemei upande mmoja, ndiyo maana alianza na "kama yamkini".

"Mzazi haombi msamaha kwa mtoto"

Tumelelewa hivyo. Mama akikosea hapigi goti, anapika chapati. Mtoto anatakiwa aelewe mwenyewe.

Januari moja nilirudi nikakuta chupa ya chai imevunjika kioo cha ndani, ukiitikisa inalia vigae. Binti yangu alikuwa na miaka 9, na ndiye aliyekuwa jikoni. Alisema si yeye. Nikamchapa fimbo mbili, moja ya chupa na moja ya uongo. Usiku kaka yake akaja mlangoni kwangu, akasema ni yeye, aliigonga asubuhi akaogopa.

Kesho yake nikapika chapati. Nikamwekea ya kwanza, ile ya moto. Hakuigusa. Nikajikuta nakasirika tena, kwamba huyu mtoto ana kinyongo gani, nimeshamwonyesha. Ndipo nikakumbuka ninayowafundisha watoto wa wenzangu kila Jumapili kuhusu "pole" na "nimekukosea", na kwamba Paulo aliwaandikia akina baba, "msiwachokoze watoto wenu", nasi akina mama tumejifanya hatumo.

Nikaingia chumbani. Alikuwa anafunika madaftari kwa magazeti, peke yake, gundi imemjaa vidoleni. Nikakaa sakafuni. Nikasema, "Nimekukosea. Nilikuchapa kwa kosa ambalo hukufanya, na nikakuita mwongo wakati ulisema kweli." Hakuniangalia. Akauliza, "Kwa hiyo nilichapwa bure?" Nikasema ndiyo. Nilitamani kuongeza kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba chupa ilikuwa mpya, kwamba hata yeye hujificha akikosea. Nikameza yote. Akaendelea kukunja gazeti. Nikaondoka.

Siku 3 tulisalimiana tu. Sikumwambia asamehe, wala baba yake sikumruhusu amwambie. Siku ya nne jioni alikuja sebuleni na daftari la hisabati, gazeti lake limechanika kwenye kona, akaniuliza kama nina muda wa kumshikia upande mmoja.