Barua ya benki isiyo yako: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Mimi nakaa Nkuhungu, lakini sanduku langu la posta liko mjini kati. Nalifungua mara mbili kwa wiki nikienda Majengo kufuata mzigo wa duka. Mwaka huu, kuanzia Februari, kila mwanzo wa mwezi nilikuta bahasha ya benki yenye kadirisha cha plastiki, na kwenye kadirisha jina la mtu nisiyemjua. Namba ya sanduku ni yangu, jina si langu. Hadi Agosti zilikuwa saba, nimezifunga kwa mpira juu ya kabati la risiti.

Niliuliza watu nifanye nini. Dodoma hatuna uchoyo wa ushauri. Kila aliyenijibu alijibu kama mwanasheria, na karibu kila mmoja alikosea. Nimeona niyaandike, maana najua siko peke yangu.

Dhana: Imeingia kwenye sanduku lako, ni yako. Fungua.

Hili niliambiwa na jirani yangu wa dukani, mfugaji mstaafu. Nikamuuliza: "Mzee wangu, mbuzi wa mtu akilala zizini kwako, asubuhi unachinja?" Akacheka, akasema hapana, unatangaza kwanza. Barua ni hivyo hivyo. Namba ya sanduku inasema barua ishushwe wapi, jina ndilo linalosema ni ya nani. Sanduku lenyewe si mali yangu, nalikodi kwa ada ya mwaka na ufunguo nimepewa wa kutumia tu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu heshima na hifadhi ya "mawasiliano yake ya binafsi", na haisemi isipokuwa barua ikipotea njia. Kwa hiyo zile saba hazijafunguliwa, ingawa kuna jioni umeme ulikatika nikabaki nazo mkononi, na siwezi kusema sikuzigeuza kwenye mwanga wa tochi.

Dhana: Kosa ni la Posta.

Nami niliamini hivyo, nikaenda dirishani nimekunja uso. Karani aliniamkia vizuri, akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua: anayegawa barua kwenye masanduku hugawa kwa namba. Hana muda wa kusoma jina kwenye kila bahasha na kukumbuka nani amekodi nini. Mtu asipolipia sanduku, hatimaye linarudi na kukodishwa kwa mwingine. Ndivyo nilivyolipata la kwangu. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliondoka na anwani yake kwenye karatasi zote alizowahi kujaza, ila hakuzifuata kuibadilisha.

Na mji huu ni wa watu wanaohama. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa 1973, lakini ni kuanzia 2016 ndipo wizara zilipofungasha kweli. Watu wakaja na familia, wakapanga Area C, wakajenga Kisasa, wengine wakahamishwa tena kabla zege halijakauka. Ongeza desturi yetu ya kuazima masanduku: mwanafunzi anaandika la shule, mwajiriwa la ofisi, muumini la parokia. Ukifungua akaunti ukiwa chuoni, fomu inabaki na S.L.P. ya chuo mpaka unapata wajukuu. Posta hapo wana kosa gani?

Dhana: Wapigie huduma kwa wateja, litakwisha siku hiyo hiyo.

Nilipiga. Mashine ikaniambia nichague lugha, nikachagua. Ikaniambia niingize namba ya akaunti, sina. Nikasubiri na muziki wao hadi salio likakata.

Nikaenda tawini. Nilichukua namba, nikakaa kwenye foleni saa nzima na dakika zake. Dirishani mazungumzo yalikuwa haya:

"Karibu kaka. Namba ya akaunti?"

"Dada, sina akaunti kwenu. Nimeleta barua zenu."

"Basi namba ya simu uliyosajilia."

"Sijasajili kitu. Si mteja."

"Kaka, mfumo hauwezi kufungua lalamiko bila akaunti."

Simlaumu yule binti. Hakuniambia neno baya, hata alionekana kunihurumia. Lakini hapo ndipo ugonjwa ulipo: huduma kwa wateja imejengwa kumhudumia mwenye akaunti, na hitilafu hii humwangukia kwanza asiye nayo. Mwenye akaunti hajui kwamba barua zake haziji, maana asiyepata barua hana cha kumkumbusha. Anayejua ni mimi, na mimi kwenye mfumo sipo.

Aliniambia nimlete mwenye jina. Ningekuwa namjua mwenye jina ningempa barua zake.

Dhana: Benki haiwezi kupokea taarifa yako, italinda siri ya mteja.

Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Niliambiwa na msimamizi wa tawi, kwa sauti ya upole ya mtu anayekufundisha sheria.

Siri ya mteja ipo, tena ni nzito. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006 inaibana benki isitoe mambo ya mteja ovyo. Lakini tuangalie inazuia nini. Inazuia benki kuniambia mimi habari za yule mtu: ana akaunti au hana, ana shilingi ngapi, anaishi wapi. Haizuii mimi kuiambia benki kwamba namba iliyo kwenye bahasha zao si ya huyo mtu tena. Habari inatoka kwangu kwenda kwao, siri gani imevuja hapo? Iliyovuja ni ile ambayo wao wenyewe wamekuwa wakiidondosha kwenye sanduku la muuza misumari kila mwezi kwa miezi saba.

Kuna sheria nyingine ambayo pale tawini hakuna aliyeitaja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ahakikishe ni sahihi, na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Anwani ni taarifa binafsi. Benki iliyoambiwa kwamba anwani imekufa na bado ikaendelea kuitumia haiwezi kujificha nyuma ya neno siri. Ipo hata Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekewa malalamiko. Kwa mteja mwenyewe kuna mlango mwingine, dawati la malalamiko la Benki Kuu. Huko hufikii moja kwa moja. Unaanza na benki yako, kwa maandishi, na unatunza nakala. Ukienda na maneno matupu, utaulizwa karatasi.

Dhana: Andika "rudisha kwa mtumaji", mambo yameisha.

Ndiyo njia sahihi ya kuanzia. Andika kwenye bahasha ambayo haijafunguliwa kwamba mhusika hapatikani kwa sanduku hili, mpe karani. Mbili za kwanza zingerudi hivyo kama ningejua mapema. Usitegemee muujiza tu: bahasha iliyorudi lazima ikute mtu mwenye kazi ya kuingia kwenye mfumo na kuzuia anwani ile. Asipokuwepo, mwezi ujao mashine inachapa nyingine.

Dhana: Zikija barua za deni la mtu, deni litakugeukia.

Hapana. Anayedaiwa ni aliyesaini mkataba. Kumbukumbu za mikopo hufuata utambulisho wa mtu, na sanduku halikopi.

Dhana: Barua zimepitwa, wakihamia kwenye ujumbe wa simu tatizo litakufa.

Muulize yeyote aliyenunua laini mpya akaanza kupokea salio la mtu, marejesho ya kikundi cha mtu, na "mama nitumie nauli" za mtoto asiye wake. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa na kuuzwa tena, kama sanduku. Tofauti ni kwamba bahasha ina gundi, ujumbe unasomeka kabla hujajua si wako. Ukibadili laini, benki iwe ya kwanza kujua, kabla ya mashemeji.

Dhana: Tuna anwani za makazi sasa, S.L.P. haina kazi.

Nyumba yangu ina namba na mtaa una kibao, matunda ya zoezi la 2022 kabla ya sensa. Zamani hapa ungeelekezwa kwa kitalu na kiwanja cha CDA, mamlaka iliyovunjwa 2017, na bado wazee wanaelekeza hivyo. Ila benki ile haitumi kwenye kibao changu. Inatuma kule ilikoandikiwa siku akaunti inafunguliwa, na hakuna zoezi la serikali litakaloingia kwenye faili lao kubadilisha.

Mwisho wa Agosti niliacha kubishana dirishani. Niliandika barua, nikaorodhesha tarehe za mihuri ya bahasha zote saba, nikazipeleka pamoja kwa katibu muhtasi wa meneja. Sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Alitaka kunigongea kesho yake. Nikamwambia nitasubiri, nina karanga mfukoni.

Septemba sanduku lilikuwa tupu. Nilimnunulia karani wa Posta soda.

Oktoba bahasha ikaja. Kadirisha lile lile, nembo ile ile, na safari hii jina lilikuwa langu. Hii nikaifungua. "Ndugu Mteja," wameandika, wananishukuru kwa kuendelea kuwa nao, na wananiomba nifike tawini na kitambulisho kuhuisha anwani yangu.