Nge, hirizi na Musa bin Maimun

Kila muhula nikifika kwa Musa bin Maimun (Maimonides), mwanafalsafa, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi wa karne ya kumi na mbili, huanza na nge. Wanafunzi huiogopa falsafa hata kabla hawajaisikia, lakini nge wanamjua.

Mtu kaumwa na nge au nyoka siku ya Sabato, siku ya Wayahudi ya kuacha kazi, na jamaa zake wanataka kumsomea maneno penye jeraha. Yafaa? Musa, katika kitabu chake cha sheria, Mishneh Torah, anajibu: asomewe, hata kama ni Sabato. Kisha anatia neno ambalo kwangu ndilo Musa mzima. Kisomo hicho, anasema, hakifai kitu. Kimeruhusiwa kwa sababu mtu yuko hatarini, atulizwe moyo, asije akapotewa na akili.

Hapo anayesema ni mwanasheria na tabibu kwa pamoja. Sumu haisikii kisomo, hofu inasikia. Na sumu yenyewe aliiandikia kitabu cha peke yake, huko Misri, mwaka 1199, ambamo anaagiza kwanza kiungo kifungwe juu ya jeraha, kisha lichanjwe na kunyonywa. (Madaktari wa leo wanakataza kuchanja na kunyonya, basi msijaribu.)

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mlegevu kwa mambo ya visomo. Sura ileile ya Mishneh Torah inamkemea vikali anayeyafanya maneno ya Taurati kuwa dawa ya mwili, ilhali ni dawa ya roho. Wayahudi hupigilia kwenye mwimo wa mlango mezuza, ngozi iliyoandikwa aya za Taurati. Walikuwapo waliochomeka ndani yake majina ya malaika ili nyumba ikingwe. Musa anawaita wapumbavu: amri ya kumkumbuka Mungu Mmoja na kumpenda wameigeuza hirizi ya kujinufaisha. Mimi nimekulia Tanga, kwenye makombe na hirizi za kila namna, na niliposoma mistari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Ugomvi huo nimeusikia barazani tangu utotoni, ila kwa majina mengine.

Watu humsimulia kama mtu wa vichwa viwili, kimoja cha imani na kimoja cha Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki. Sikubali. Wanazuoni wa kusini mwa Ufaransa walipomuuliza habari za unajimu, aliwaandikia kwamba mtu asisadiki ila mambo ya namna tatu: lenye hoja ya wazi kama hesabu, linaloshikwa na hisi tano, au lililopokewa kwa manabii na watu wema. Hesabu na manabii wameketi mkeka mmoja. Unajimu haukupata pa kukaa.

Sabato nayo ni hivyo hivyo. Kuwasha moto siku hiyo ni marufuku, lakini mgonjwa wa hatari akihitaji moto uwashwe, uwashwe, na kuchelewa ni haramu. Tena kazi hiyo asisukumiwe mtoto wala mtu wa dini nyingine, kana kwamba ni kosa la kufichwa. Waifanye wakubwa wa Israeli na wanazuoni wao. Hoja yake ni Walawi 18:5: mtu aishi kwa amri hizo, basi si kufa kwazo.

Hayo yasikufanye umwone mtu mkavu. Ndugu yake Daudi, mfanyabiashara wa vito, alizama katika Bahari ya Hindi, hii hii ya kaskazi na kusi, akiwa na mali ya familia na ya watu wengine. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima, na miaka minane baadaye alikuwa bado anaandika kwamba hajapata faraja. Riziki aliitafuta kwa utabibu, maana aliwalaumu wanaojifungia na elimu ya dini huku wakilishwa kwa sadaka.

Uzeeni alimweleza rafiki siku yake ilivyo. Asubuhi huenda Cairo kwa mtawala. Hurudi kwake Fustat, mji wa jirani, na njaa, akute baraza limejaa Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Huwaomba wamsubiri ale kidogo, chakula chake pekee kwa siku, kisha huwaandikia dawa mpaka usiku, mwisho akiwa amelala chali kwa uchovu. Sabato ikifika huja jamaa wa sinagogi baada ya sala, wakasoma naye mpaka adhuhuri.