"Hii Presha ni ya Mawazo tu, Dokta"

Mwezi huu nimeisikia kauli hiyo hadi nimechoka. Wa mwisho alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Mashine imesoma 178 kwa 104, naye ametulia tuli: "Ni kesi ya mwanangu hiyo, dokta. Ikiisha itashuka." Dawa alishaziacha, maana kesi ilikuwa inakaribia hukumu.

Hasira, hofu na msiba hupandisha presha, sikatai, lakini kwa muda. Hata koti langu jeupe huipandisha, ndiyo maana hatumwiti mtu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Presha inayoganda kwenye 140 kwa 90 au zaidi, leo na mwezi ujao, ina mizizi mingine. Kwa wagonjwa zaidi ya tisa katika kumi hakuna chanzo kimoja cha kukinyooshea kidole: ni ukoo, umri, uzito, pombe na chumvi, vikishirikiana miaka mingi mpaka mishipa inakakamaa na figo zinaelemewa. Wachache waliobaki wana chanzo cha kutafutwa: figo zinazougua, mshipa wa figo uliobana, au tezi iliyo juu ya figo inayomwaga kupita kiasi aldosteroni, homoni inayobakiza chumvi mwilini. Hawa ndio "mawazo" yanawaponza kabisa. Jibu umeshajipa, figo utapimwa na nani?

Nikamwomba amwage mkoba mezani. (Wauguzi hunicheka kwa hili, lakini siachi.) Zikatoka simu, leso, vitambulisho, na chini kabisa karatasi mbili za diklofenaki, moja imebaki vidonge vitatu. Za magoti, anameza tangu mwaka jana, ananunua mwenyewe duka la dawa. Dawa za maumivu za kundi hilo huzifanya figo zibakize chumvi na maji mwilini, na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huweza kuipandisha. Ukija kliniki, njoo na kila unachomeza, mitishamba ikiwemo.

Eti chumvi mbichi ndiyo mbaya, iliyopikwa haina neno! Sodiamu haifi jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mna ya ng'onda, ya mkate na ya vile vidonge vya mchuzi. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu.

Ati ni ugonjwa wa wanene? Ninao wembamba kama fito. Na anayesema kichwa hakimuumi, kwa hiyo hana presha, ajue wengi hawasikii lolote mpaka kiharusi kiwaangushe.

Yule mama magoti tumeyahamishia kwenye parasetamoli, figo tumezipima, dawa za presha amezirudia. Wiki ya nne mashine ikasoma 142 kwa 88. Kesi ya mwanawe imeahirishwa tena.