Kwenye Public Enemy udhibiti wa filamu haukuficha risasi, jamani

Nimeisikia tena juzi kwa kijana anayejifunza kuhariri sauti, na nimechoka kujibu mmoja mmoja: eti The Public Enemy, filamu ya majambazi ya 1931, inaficha mauaji kwa sababu udhibiti wa Hollywood uliwabana. Hapana bwana. Kanuni za maadili ya filamu zilipitishwa 1930 ndiyo, ila meno zilipata katikati ya 1934, kabla ya hapo studio zilikuwa zinazipita tu. Na ingekuwa udhibiti, mbona Matt Doyle, rafiki wa mhusika mkuu, anamiminiwa risasi barabarani mchana kweupe na tunamwona anaanguka?

Angalia nani anauawa mbele ya macho yetu na nani tunamsikia tu. Tom Powers, mhusika mkuu anayechezwa na James Cagney, akilipiza kisasi, kamera inageuka na tunaachiwa sauti. Maadui zake wakija kulipiza kwake, tunaonyeshwa.

Chukua Putty Nose, yule aliyewafundisha Tom na Matt wizi wakiwa wadogo halafu akawakimbia mambo yalipoharibika. Miaka imepita, wanamfuata mpaka kwake. Anaomba, anapiga magoti, mwisho anakaa kwenye piano awaimbie ule wimbo wake wa zamani, labda wakikumbuka utoto watamhurumia. Tom anasogea nyuma yake. Hapo kamera inamwacha, inateleza taratibu mpaka kwa Matt aliyesimama karibu na mlango, huku wimbo unaendelea, unasikia bastola, piano inapiga noti za ovyo mtu akiilalia, halafu kishindo cha mwili. Muda wote huo unatazama uso wa Matt, na kwenye ule uso unaona rafiki wa toka utotoni ameanza kumwogopa mwenzake. Tom anatoka anasema anaenda kumpigia simu demu wake. Mhariri akikata kwenda kwa maiti pale, Matt amekufa kama mhusika, hana kazi tena kwenye hiyo sini.

Halafu kuna makaa ya mawe, ambayo hakuna anayeyataja na mimi yananiudhi kwa jinsi yalivyo mazuri. Tom na Matt wanatoka nje, lori linamwaga makaa, ule mngurumo unafanana na bunduki, wote wanashtuka kisha wanacheka. Sikio lako limeshadanganywa mara moja, limelegea. Bunduki halisi inalia kutoka dirisha la ng'ambo na Matt anakwenda chini. Risasi zinazotoboa ukuta pale Cagney alisimulia baadaye kwamba zilikuwa za kweli, ila mimi kinachonikalisha ni yale makaa, maana 1931 kuchanganya sauti nyingi kwa wakati mmoja ilikuwa shughuli pevu na mtu bado aliona yana thamani ya kusumbukia.

Ile ya mvua mnaijua. Tom anaingia kwa genge la mpinzani wao Schemer Burns kumlipizia Matt, sisi tunabaki nje tunalowa, milio, mayowe, anatoka akiyumba.

Sasa hapa vitabu vinampa mwongozaji, William Wellman, sifa zote za ubunifu na mimi nasita. Kupiga risasi ndani ya seti kunataka wachezaji zaidi, muda zaidi, na maiki za enzi zile hazikupenda vishindo. Inawezekana kabisa nusu ya uamuzi ulikuwa wa bajeti. Lakini bajeti haikulazimishi umtazame Matt.

Na mwisho wake ndio hauna huruma. Nyumbani wameambiwa Tom anarudi. Mama yuko juu anatandika kitanda huku anaimba, santuri inacheza, mlango unagongwa, kaka yake Mike anafungua, na Tom amesimama amefungwa kama mzigo, mabandeji kichwani, anaanguka kifudifudi ndani ya nyumba. Santuri haisimami. Familia inalipa deni ambalo Tom alilikopa kwingine, na hili tunaonyeshwa lote, karibu, bila kukwepeshwa.

Mkitaka kuona woga wa studio, soma maandishi waliyoweka mwanzoni na mwishoni, yanayojitetea kwamba hawamtukuzi mhalifu na kwamba adui wa umma ni tatizo la jamii kulitatua. Woga wao uko hapo, kwenye kadi za maandishi, na udhibiti ujadilini hapo. Muacheni Putty Nose na piano yake.